Kichwa cha tindo na hesabu ya kompyuta

Mgodi wa Namoya, pale Salamabila mashariki mwa Kongo (DRC), ulianza kuzalisha dhahabu kibiashara mwanzoni mwa 2016 chini ya kampuni ya Banro, na mwaka 2019 ukasimamishwa kwa sababu ya usalama. Mitambo husimama, lakini mchimbaji mdogo haachi kugonga mwamba, na hugongea tindo. Katika sehemu nyingi za ukanda wetu tindo hufuliwa kwa chuma cha kuokoteza, kama springi ya lori iliyovunjika. Tazama kichwa cha tindo iliyotumika sana: kimechanua kama uyoga, kingo zimekunjika kuelekea chini, na kwenye kingo hizo mna nyufa fupi zinazoelekea katikati. Kibanzi kikibanduka hapo huruka kwa kasi, na jicho liko karibu. Nyufa hizo ni kazi halali ya kompyuta, ila kompyuta haitasema la maana kabla mtu hajakipima chuma chenyewe.

Nyundo hubana, haivuti. Mbona basi chuma kinapasuka kana kwamba kimevutwa? Kikishindiliwa toka juu hutanuka pembeni, na mzingo wa ukingo hulazimika kurefuka ili uzunguke kichwa kilichonenepa. Katikati pamebanwa, ukingoni pamevutwa, na ufa hufuata mvuto. Mwaka 1968 Cockcroft na Latham walipendekeza kanuni rahisi: jumlisha mvuto mkubwa kabisa katika kila hatua chuma kinapobadili umbo, jumla ikifika kikomo cha chuma hicho, kinapasuka. Mwaka 1977 Gurson aliingia ndani zaidi, akakihesabu chuma kama kitu chenye vitundu vidogo mno, vinavyopanuka kadiri kinavyovutwa. Programu hulikata umbo zima katika vipande vidogo na kukifanyia kila kimoja hesabu, pigo baada ya pigo.

Kikomo hicho ndicho chenye utata, kwa sababu hakitoki kwenye kompyuta bali kwenye jaribio. Mwaka 2012 maabara ya Sandia ya Marekani ilizipa timu 13 kazi ya kutabiri, bila kuona matokeo, ufa utapita wapi katika kipande cha chuma cha pua chenye matundu. Zilipewa mchoro na vipimo vya chuma, na bado majibu yalitofautiana. Hata vipande vyenyewe havikukubaliana: tofauti ndogo ya mahali tundu lilipotobolewa ilitosha kuupeleka ufa njia nyingine. Kama chuma cha maabara kinasumbua hivyo, itakuwaje springi isiyojulikana imetoka lori gani? Na kuna mtego mwingine: katika kanuni nyingi za uharibifu, vipande vya hesabu vikifanywa vidogo zaidi ufa huja mapema zaidi, ingawa chuma ni kilekile. Picha ya rangi nzuri kwenye skrini hailisemi hilo.

Mhunzi ana haki ya kucheka. Yeye huisoma rangi ya chuma motoni, huzimisha ncha peke yake majini, na kichwa hukiacha laini makusudi, kwa kuwa kichwa kigumu hutoa vibanzi vibaya zaidi. Anajua pia kuusaga ukingo uliochanua kabla haujapasuka, na hesabu inamuunga mkono, maana hapo ameondoa sehemu iliyokwisha kubeba mvuto mwingi. Lakini ujuzi huo umejengwa juu ya chuma alichokizoea. Malori yakibadilika, chuma nacho hubadilika, na rangi ya motoni haitaji kikomo. Wengine watasema tuanze na programu, kwani Code_Aster na CalculiX hupatikana bure. Vijana wafundishwe, sina ubishi. Ila programu isiyo na namba za springi ya Salamabila itatumia namba za kitabuni, za chuma cha mtu mwingine, na itajibu kwa uhakika uleule. Kipimo cha kuanzia hakitishi kwa gharama: kipande kifupi cha mviringo kinachongwa kutoka springi, kinapoozwa kama mhunzi anavyokipooza kichwa cha tindo, kisha kinabanwa hatua kwa hatua kwenye preshi ya gereji yenye geji, mpaka ufa wa kwanza uonekane ubavuni. Nguvu, kimo na kipenyo vikiandikwa, kanuni ya 1968 imepata pa kuanzia. Vipande vitano kutoka springi tano vitaonyesha na jambo ambalo hakuna programu inayolijua: vyuma hivyo vinatofautiana kiasi gani.