Vuta Ndinga, Acha Miti Isimame

Kaa kijiweni Mwembetogwa, pale Makambako, jioni moja tu. Lazima utasikia mtu anasema, "Jamaa kavuta ndinga mpya." Tulia kwanza, usishangilie. Kitaani kwetu maneno hayo yana maana tatu. Kuna gari ya mkononi, imeshapita kwa watu watatu hapahapa Bongo, ila kwa jamaa ni mpya kwa sababu jana haikuwa yake. Kuna iliyoshuka bandarini Dar kutoka Japani, namba E inang'aa, lakini Mjapani keshaitembelea miaka 15. Halafu kuna yenyewe, zero kilometa, nailoni bado iko kwenye siti.

Naongea na wewe unayeiota hiyo ya tatu. Kamwene, ndugu yangu. Uko Njombe, una miaka 25 au 28, umepambana na parachichi, viazi au mbao, na mwaka huu mkwanja umeingia kweli. Ndoto yako naiheshimu. Kijana wa huku kununua gari ambayo hajaitumia mtu sio dhambi wala sio ushamba. Ila kuna namna ya kuivuta ukabaki mzima, na kuna namna ya kuivuta ikakuvua nguo.

Tuanze na hili, maana nalisikia kila wiki: "Nataka IST zero." Mwanangu, IST zero haipo duniani. Toyota walianza kuiunda 2002, toleo la kwanza likaisha 2007, la pili likafungwa 2016. Atakayekuambia anakuletea IST mpya kutoka kiwandani anakupiga mchana kweupe. Ukienda shoruumu leo unakutana na majina mengine. Toyota Starlet ya sasa, kwa mfano, iliyoanza kuuzwa Afrika 2020, ni Suzuki Baleno ya India iliyobandikwa nembo ya Toyota. Sio gari mbaya. Ila ujue unachonunua, na ujue spea zake ulizie kwa jina gani.

Sasa hela. Tuliza akili hapa, maana washkaji wengi wanaruka hii hatua.

TRA wanaanza na ushuru wa forodha, asilimia 25 ya thamani ya gari ikiwa imefika bandarini, yaani bei, bima na nauli ya meli kwa pamoja. Juu yake kuna ushuru wa bidhaa: injini isiyozidi cc 1000 haiguswi, kuanzia hapo hadi 2000 ni asilimia 5, ikizidi 2000 ni 10. Halafu inakuja ile inayoumiza, ya uchakavu: gari ya miaka 8 hadi 10 inaongezwa asilimia 15, na ikivuka miaka 10 inaongezwa 30. Baada ya hapo VAT, asilimia 18 ya jumla yote hiyo.

Weka namba. Gari ya cc 1300, umri miaka 15, thamani milioni 10 ikiwa bandarini. Kodi yake inafika kama milioni 9.9, na hapo tozo ndogondogo sijaziweka. Chukua gari nyingine ya cc hizohizo na thamani hiyohiyo, ila haijafikisha miaka 8. Kodi inashuka hadi kama milioni 5.5. Yaani uzee peke yake unakutoa milioni 4 na ushee.

Najua zero kilometa haifiki bandarini kwa milioni 10. Ni ghali, na ni ghali mno. Ninachotaka uone ni kwamba ukinunua gari kuukuu sana, karibu nusu ya hela yako inaenda serikalini na wewe unabaki na chuma kilichochoka. Katikati ya hizo mbili kuna njia ambayo vijana wa kwetu wanaidharau: gari iliyotumika, lakini bado haijafika miaka 8. Kama shoruumu hufiki, simama hapo. Usirudi nyuma mpaka 2005 eti kwa sababu picha ya mtandaoni inapendeza. Na kumbuka TRA hawaangalii risiti yako tu, wana thamani zao. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao, kwa hiyo ingiza aina, mwaka na cc kabla hujatuma hata buku kwa mtu.

Jingine la hela: tangu Machi 2025 kanuni zinakataza bei za ndani ya nchi kutajwa kwa dola. Muuzaji wa hapa akikuanzishia hesabu za dola, mwambie shilingi. Bei iandikwe kwenye karatasi, ikieleza kama VAT, usajili na namba vimo ndani au utadaiwa mbele.

Haya, nifike kwenye linaloniuma.

Hela ya Njombe haiji kama mshahara. Inakuja kwa msimu. Mnunuzi wa parachichi anakuja, gunia za viazi zinapakiwa, mzigo wa mbao unaondoka, na ghafla kijana ana milioni kadhaa kwenye simu. Miezi inayofuata ni ya kusubiri. Gari haijui kusubiri. Inataka mafuta leo, bima mwaka huu, matairi mwakani. Kwa hiyo ukiwa na hela inayotosha gari tu, bado hujawa na hela ya gari. Mimi kipimo changu ni hiki: ukishalipa kila kitu, ubaki na mafuta, servisi na bima ya mwaka mzima, pamoja na mbolea na mbegu za msimu ujao. Bila hiyo, hujafika.

Binamu yangu wa kule njia ya Lupembe hakufika, akalazimisha. Alikuwa na ekari nne za mipaini alizoachiwa na baba yake mdogo, miti ya miaka sita, myembamba bado. Mpaini wa kutoa ubao wa maana unataka miaka zaidi ya hiyo mara mbili. Akauza miti na ardhi yake kwa bei ya kutupa ili atimize malipo ya kwanza, na kilichobaki akakopa kwa riba ya kukausha damu. Gari ilikuja, ilikuwa kali kweli, na nilifurahi naye, siongopi. Mwaka wa pili msimu ukawa mbaya, marejesho yakamshinda, waliomkopesha wakaichukua. Hana gari. Na shamba ambalo lingemnunulia gari mbili lina fensi ya mtu mwingine. Nikipita naiona ile miti, inazidi kunyooka.

Ndio maana nasema: gari inunuliwe na mavuno, isinunuliwe na shamba. Mche wa parachichi la Hass uliobebeshwa unaanza kukupa matunda ya kuuza baada ya miaka kama mitatu hivi na utakulipa kwa miaka mingi. Ukiung'oa kwa ajili ya ndinga, umebadilisha kitu kinachokua kwa kitu kinachoanza kushuka bei siku unayotoka nacho shoruumu.

Tuseme umekaza, shamba liko salama, mkwanja uko kamili. Unachagua gari gani? Hapa ndipo ushauri wa Dar unapotupoteza, maana wale wanaendesha usawa wa bahari. Njombe mjini tuko karibu mita 2,000 juu. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini inaishi kwa hewa. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Piga hesabu: ukifika Njombe, karibu sehemu ya tano ya nguvu uliyolipia haipo. Kigari cha cc 1000 kilichokuwa kinateleza Mikocheni, hapa ukikijaza watu wanne na viroba viwili vya viazi, kikikuta mlima wa kwenda Uwemba kinaanza kulia gia ya pili. Sisemi usikinunue. Kama ni wewe na mke wako, ofisini na kanisani, cc 1000 inatosha na inakupunguzia kodi. Ila kama kuna mzigo na mashambani, nenda 1300 hadi 1500, au utafute yenye tabo.

Na usiijaribie Dar. Mtafute mtu hapa Njombe mwenye gari ya aina hiyohiyo, mwombe kwa heshima, muwekee mafuta, mpande nayo milima mkiwa mmejaa. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko picha zote za Instagramu.

Halafu hita. Watu wanauliza kiyoyozi, redio, kioo cha kugusa. Wewe wa Njombe uliza hita. Juni na Julai asubuhi ukungu umekaa barabarani na kioo cha mbele kimeganda mvuke ndani, utafuta kwa mkono mpaka lini? Hita na kiyoyozi vikifanya kazi pamoja kioo kinakauka haraka, na hapo unaongelea uhai wako. Gari za bei ya chini mara nyingine zinakuja zimepunguzwa vitu, kwa hiyo washa kila swichi mbele ya muuzaji. Taa za ukungu pia zikague. Na maji ya bomba usiweke kwenye rejeta, weka kulanti.

Angalia pia chini. Lami tunayo siku hizi, hadi Makete imefika, na kule Ludewa wakatandika zege kutoka Lusitu hadi Mawengi, kilomita 50. Safi sana. Lakini lami haiingii shambani kwako. Mvua za Machi zikishakoroga ile tope nyekundu, gari iliyolala chini inakwaruza sahani ya injini kila siku. Piga goti shoruumu, chungulia, usione aibu.

Kuna kitu kinaitwa waranti, na ndicho hasa unacholipia kwenye zero kilometa. Inahesabu miaka au kilomita, kinachotangulia kufika ndicho kinachoifunga. Masharti yake mara nyingi ni kwamba servisi zote zifanyike kwa wakati, kwenye gereji inayotambuliwa na muuzaji. Sasa Dar ni zaidi ya kilomita 600 kutoka Makambako, na Njombe unaongeza kama 60. Kwenda na kurudi kwa ajili ya kubadilisha oili, hiyo waranti inakula kuliko inavyookoa. Uliza: Mbeya wana gereji? Iringa je? Kuna fundi wa karibu mnayemkubali? Jibu liandikwe. Jibu la mdomo halikusaidii siku gia boksi inagoma.

Na waranti ikiisha, unarudi kwa mafundi wetu. Makambako ni njia panda, barabara ya Songea inakutana na ile kuu ya kwenda Mbeya na Zambia, na reli ya TAZARA inapita hapo tangu miaka ya 1970. Malori hayalali, ndiyo maana mafundi na maduka ya spea yapo. Waulize wanaifahamu gari unayoitaka? Shokapu na bushi zake zipo au mpaka ziagizwe Kariakoo? Fundi akikuambia "hiyo sijawahi kuifungua," mshukuru, kakuokoa.

Bima iwe kubwa. Ile ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe unabaki na skrepa. Usiweke kadi ya gari kwa jina la mtu mwingine hata awe kaka yako wa damu. Na akija wa kukudai hela ya "road license" ya kila mwaka, mkatalie, ilifutwa 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta.

Siku ya kuileta nyumbani, usimpe deiwaka anayelipwa kwa kuwahi. Kilomita 1,000 za mwanzo injini inajizoesha, haitaki kukimbizwa wala kulishwa mzigo. Ipandishe mwenyewe kama una leseni na uzoefu, au uende na kaka unayemwamini, mlale Morogoro au Iringa. Mikumi barabara iko ndani ya hifadhi kwa kilomita kama 50, vibao viheshimu, wanyama hawajui namba E. Mlima Kitonga panda taratibu, acha malori yapumue.

Dalali atakupigia, atakuambia ofa inaisha Ijumaa. Mwache na Ijumaa yake. Jumamosi panda Kosta hadi Makambako, kaa na fundi wako mezani, mnywe chai, umwoneshe picha ya gari na umwache aseme yote. Kisha rudi nyumbani, umweleze mzee na mama mpango wako kabla hujasaini, na uwahakikishie kwamba hakuna hata mti mmoja unaoguswa.