Kuchimba Sarafu za Kidijitali kwa Kompyuta ya Nyumbani



Tumeulizwa na wazazi juu ya wanaohimiza kila mwenye kompyuta aingie katika “kuchimba” sarafu za kidijitali, kama Bitcoin.

Kwanza tufahamu kinachofanyika. Kompyuta inakisia nambari kwa kasi kubwa ili kuthibitisha kundi la miamala, na anayeipata mwanzo hulipwa sarafu mpya. Bitcoin ilipoanza 2009, kompyuta ya kawaida ilitosha. Leo kazi hiyo inafanywa na mashine maalumu, maelfu katika ghala moja. Malipo nayo hupungua nusu takriban kila miaka minne: yalianza sarafu 50, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Zipo sarafu nyingine, kama Monero, ambazo kompyuta ya kawaida bado inaziweza, lakini pato ni dogo na mara nyingi umeme wa Tukuza unalimeza.

Ama hukumu, wanazuoni wamekhitalifiana. Darul Iftaa ya Misri iliikataza Bitcoin kwa sababu ya gharari na madhara yake. Wengine wameihesabu kuwa ni mali, na malipo ya mchimbaji wakayafananisha na ju‘ala, yaani ujira anaoahidiwa mwenye kukamilisha kazi.

Hata kwa rai ya kuruhusu, ipo mipaka miwili.

Wa kwanza ni amana. Kompyuta na umeme viwe vyako, au mwenyewe akupe idhini. Kijana anayewasha programu hiyo katika kompyuta ya skuli au ofisi anakula umeme usio wake.

Wa pili ni pesa. Anayekwambia, “Lete pesa, mashine zetu zitakuchimbia,” amekuuzia ahadi. Wewe huchimbi kitu. HashFlare ya Estonia iliuza mikataba ya namna hiyo baina ya 2015 na 2019, ikakusanya zaidi ya dola milioni 500. Mwaka 2025 waendeshaji wake wawili walikiri kosa la ulaghai katika mahkama ya Marekani, kwani mashine walizozidai hawakuwa nazo. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) amekataza biashara ya gharari, kama ilivyo katika Sahih Muslim.

Basi tunawanasihi: pigeni hesabu ya umeme kabla ya kuwasha mashine, na msiuze dhahabu ya mama wala kutoa ada za watoto kwa ajili ya faida msiyoiona inatoka wapi.

Na Allaah ndiye Mjuzi zaidi.