Mkaguzi wa nyumba asile sahani moja na muuzaji

Juma lililopita mpwa wangu, aliyehitimu stashahada ya ujenzi, alinijia na ombi. "Mjomba," alisema, "nataka kufungua biashara ya kukagua nyumba kwa niaba ya wanunuzi. Nitafutie jina."

Nilimjibu kuwa jina la kazi hiyo lipo, nalo ni ukaguzi. Hata hivyo, neno hilo lina mzigo wake. Tumemzoea mkaguzi wa hesabu na mkaguzi wa shule, yaani mtu anayetumwa na mkubwa kumchunguza mdogo. Mkaguzi anayetumwa na mwananchi wa kawaida ili amlinde hatujamzoea, na jambo hilo limetugharimu.

Mimi ni shahidi. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua nyumba Kitengela kwa akiba yangu na mkopo wa chama cha ushirika. Ulikuwa msimu wa kiangazi na kuta ziling'ara kwa rangi mpya. Masika yalipoingia, milango ilikataa kufungika, na ufa wa kupenya kidole ukapasua ukuta wa chumba cha watoto kutoka dirishani hadi sakafuni. Fundi alipobandua rangi alinionyesha kwamba ufa ule ulikuwa wa zamani. Ulijazwa lipu, ukapakwa rangi, nami nikauziwa. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Waama, kuna kuziba ufa na kuna kuuficha.

Sehemu kubwa ya Kitengela ina udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kunywea ukikauka. Msingi uliojengwa juu ya udongo huo bila kuuondoa au kuchimba kuupita huyumba msimu baada ya msimu. Mtu mwenye ujuzi angaliteremsha timazi ukutani, angaliweka pimamaji sakafuni, angaliitazama milango iliyorandwa upya na kuuliza maswali juu ya msingi. Kwa asubuhi moja tu, angaliniokoa.

Huenda msomaji akauliza: je, mthamini hakutumwa? Alitumwa. Lakini kazi ya mthamini ni kukadiria bei, na aliyemtuma alikuwa mkopeshaji. Nayo kanuni ya sheria tuliyoirithi kutoka kwa Waingereza humtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe.

Nchini Marekani kazi hii ina umri. Chama cha wakaguzi kiitwacho American Society of Home Inspectors kiliundwa mwaka wa 1976. Maadili yake humkataza mwanachama kutengeneza kwa malipo kasoro za nyumba aliyoikagua kabla ya mwaka mmoja kupita. Sababu yake si fumbo: atakayelipwa kuziba nyufa ataziona hata pasipo na nyufa. Kadhalika, anayeletewa wateja na dalali hatauona ufa hata ukimwangukia.

Hivyo basi nilimpa mpwa wangu masharti matatu. Kwanza, alipwe na mnunuzi peke yake. Pili, asitengeneze anachokikagua. Tatu, na hapa nasema kama mwanaisimu, ripoti yake iandikwe kwa lugha ya anayemlipa. Maneno kama "kasoro za kawaida" ni rangi nyingine ya kufichia ufa. Na aandike, "Ukuta huu umehama, muite mhandisi kabla hujatia sahihi." Asipoweza kufika darini, aseme hakufika.

"Mjomba," alilalamika, "nikiwakwepa madalali, wateja nitawapata wapi?" Swali lake lilikuwa la haki, kwani anayeanza biashara hali maadili. Nilimshauri aende kwenye vyama vya ushirika, ambako watu hukopa kwa jasho na kulipa kwa miaka. Navyo vyama hivyo naviomba vimhimize kila mwanachama anayekopa ili anunue nyumba atafute kwanza mkaguzi wake mwenyewe. Gharama ya ukaguzi ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kujenga ukuta upya.

Kabla hajaondoka nilimwomba aanze kazi kwa kuikagua nyumba yangu ya Kitengela, kwa kuwa nataka kuiuza. Alitabasamu, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Niwie radhi, Mjomba. Sasa wewe ndiwe muuzaji. Atakayenunua na aniite yeye."