Maldini na raketi: dakika 42 bila huruma

Sisi watu wa sendika mnatujua kwa mambo ya mishahara na viatu vya usalama. Leo mtuvumilie, tunasema tenisi.

Ilianza ndani ya bisi ya kazi, posti ya asubuhi. Kijana moja alituonyesha kwenye telefone picha ya mwanamuziki mukubwa, raketi mukononi, nguo nyeupe, akasema: « Huyu anacheza sawa bale ba champion. » Tukamuuliza: nani amekuambia? Akajibu: si picha hii hapa! Basi bisi yote ikacheka. Picha haionyeshake mupira umeangukia wapi.

Kwa tenisi ya kujifurahisha, Wafaransa wako na ngazi zao. Asiye na ngazi anaitwa NC. Kiisha kuko 40, kiisha 30/5, 30/4, unapanda hivyo mpaka 30/1. Ukitoka pale unaingia 30, 15/5, na kuendelea, mpaka 0, mpaka -15. Juu zaidi ni wale wenye namba, wanaokula kwa raketi. Na ngazi haipatikani kwa jina wala kwa makuta. Lazima ucheze kwenye mashindano yaliyoandikishwa.

Ndiyo maana tunamuheshimu Paolo Maldini. Wazee wa mupira wanamujua: miaka 25 ndani ya AC Milan peke, mataji 5 ya Ulaya, mukingaji asiyepitwa ovyo. Aliacha mupira mwaka 2009. Mwezi wa sita 2017, akiwa na miaka 49, aliingia mashindano ya Challenger pale Milan, wawili wawili, pamoja na Stefano Landonio, mwalimu wake wa tenisi. Challenger si muchezo wa Siku ya Mungu. Ni ngazi iliyo chini kidogo tu ya mashindano makubwa ya dunia, na wanaocheza mule wanatafuta mukate. Tomasz Bednarek na David Pel waliwapiga 6-1, 6-1, kwa dakika 42. Watu fulani walicheka. Sisi hapana. Mukubwa wa namna ile angeweza kubaki kwake na kupigwa makofi na marafiki. Yeye alienda pahali ambapo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumuachia hata pointi moja.

Diego Forlán wa Uruguay alifanya vile vile. Ndiye aliyechaguliwa muchezaji bora wa Kombe la Dunia 2010 kule Afrika ya Kusini. Alicheza tenisi tangu utoto, na alipoacha mupira akarudilia raketi kwenye mashindano ya wazee. Mwezi wa kumi na moja 2024, na miaka yake 45, alicheza Challenger ya Montevideo pamoja na Muargentina Federico Coria. Wabolivia wawili waliwashinda 6-1, 6-2. Tuseme wazi: kati ya wachezaji wa kujifurahisha, hawa wawili wako juu sana, pengine wangetupiga sisi wote wa bisi kwa mukono wa kushoto. Lakini kati ya mutu wa kujifurahisha aliye bora na yule wa kazi kuko shimo, na kina chake ndio hizo dakika 42. (Yannick Noah tusimuweke hapa: mutoto wa Yaoundé alishinda Roland Garros 1983 kwanza, kuimba kukafuata.)

Kwa nini haya yanatugusa? Wengi wetu, tukiwa watoto, tuliokota mipira kwenye serkle ya wakubwa wa kampuni. Kuko mukubwa moja aliyekuwa anashinda kila juma. Alicheza na nani? Na makarani wake. Karani anaona mupira uko ndani, anasema uko inje, maana kesho asubuhi ataingia kwenye biro ya mukubwa kuomba kongé. Jioni, wakubwa wakienda kunywa, mwenzetu moja aliyekuwa na raketi iliyotupwa alirudisha kila mupira tuliomupigia ukutani. Ngazi yake ilikuwa gani? Hatutajua kamwe. Sisi tuliingia mule kwa kuokota tu.

Kiwanja kile kingali pale, na nyasi zimeota katikati. Kwenye mazungumzo ya mwaka huu, chini ya hoja ya mishahara na ya dawa, tuliongeza mustari moja: watoto wa watumishi waruhusiwe kucheza mule siku ya posho. Wakatujibu tuandike barua ya pekee. Tumeandika. Raketi mbili tunazo tayari, moja imekatika kamba.