Pikapu: Hesabu Mzigo Wote Kabla ya Kununua

Wanunuzi wengi hulinganisha nguvu ya kuvuta tela na kusahau uwezo wa kubeba. Fahamu kwamba watu waliomo garini, pamoja na uzito ambao tela huuegemeza kwenye ndoano, ni sehemu ya mzigo.

Mfano: pikapu imeruhusiwa kubeba kilo 900. Watu watano wa kilo 75 kila mmoja, dereva akiwemo, ni kilo 375. Tela la kilo 2,000 huegemeza takriban kilo 200. Zinabaki kilo 325, yaani mifuko sita tu ya saruji ya kilo 50.

Kuendesha kwa magurudumu manne husaidia kwenye matope, lakini hakuongezi hata kilo moja. Gari lililozidishiwa mzigo huchelewa kusimama. Soma kwanza kibandiko cha mtengenezaji, ndipo ulipe.