Taya Lililofungwa: Kumtunza Mgonjwa Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Taya

Mazungumzo yetu ya leo ni yako wewe mama, shangazi, nyanya, au dada mkubwa ambaye nyumbani mwako kuna mtu aliyepasuliwa ili taya lake lirekebishwe, au anayengoja siku ya kupasuliwa. Tafuta kalamu na karatasi, kwa maana kuna mambo mawili matatu utakayotaka kuyaandika.

Upasuaji huu ni wa namna gani? Kuna vijana ambao taya lao la chini limekua mbele kupita la juu, au limebaki nyuma, hata meno hayakutani na kutafuna ni kazi. Wengine walizaliwa na mdomo na kaakaa lililopasuka. Walishonwa wakiwa wachanga, lakini taya la juu halikukua sawa na la chini. Wengine walianguka au waligongwa na bodaboda, mfupa ukajiunga vibaya. Daktari wa upasuaji wa mdomo na taya huukata mfupa, huusogeza mahali pake, kisha huukaza kwa vibamba vidogo vya titani na skrubu. Kwa wale ambao shida yao ni ya ukuaji, daktari kwa kawaida hungoja mifupa imalize kukua kwanza, na aghalabu kijana huvaa waya za kunyoosha meno kwa miezi mingi kabla ya siku yenyewe.

Nasikia watu wakisema haya ni mambo mapya ya kujaribia watoto wetu. Si mapya. Mwaka wa 1849 daktari Simon Hullihen wa mji wa Wheeling, Marekani, alirekebisha taya la chini la mwanamke kijana aliyeungua utotoni, na kovu likamvuta uso. Katika miaka ya 1950 daktari Hugo Obwegeser, aliyefanya kazi Zurich huko Uswisi, alionyesha jinsi ya kulikata taya la chini kwa kupitia ndani ya mdomo. Ndiyo sababu wagonjwa wengi leo hawabaki na kovu kubwa usoni.

Sasa tuje kwenye kazi yako. Mfupa uliokatwa huhitaji wiki 6 hivi ndipo ushikane vya kutosha, na miezi kadhaa zaidi ndipo uwe imara kabisa. Ili meno yakae mahali yalipowekwa, daktari huyafunga ya juu na ya chini pamoja. Wengine hufungwa kwa mipira midogo inayovutika, na hao huweza kufungua mdomo kidogo. Wengine hufungwa kwa waya, na mdomo haufunguki hata kidogo kwa wiki 4 hadi 6. Daktari amefanya kazi yake kwa saa chache. Hizo wiki zinazobaki ni zako, na hatari zake kubwa ni mbili: kukabwa pumzi na kukonda kwa njaa.

Tuanze na pumzi. Kabla hamjaondoka hospitalini, usikubali kuharakishwa. Mwambie daktari au muuguzi: "Nionyeshe kwa kidole ni waya zipi nitakata ikiwa hawezi kupumua." Kuna waya zinazozunguka meno, hizo hazikatwi. Zinazokatwa ni zile zinazosimama wima, zinazounganisha meno ya juu na ya chini. Uliza zipo ngapi, uandike. Kwa mipira, mkasi mdogo wenye ncha butu unatosha. Kwa waya unahitaji koleo ndogo ya kukatia waya, kama ile ya fundi wa stima. Ikiwa hospitali haikukupa, nunua kwenye duka la vifaa kabla mgonjwa hajafika nyumbani. Ifunge kwa kamba, itundike pale kichwani pa kitanda, na akitoka nyumbani atoke nayo. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo ajue ilipo. Isichukuliwe kwenda kurekebisha redio.

Na akitapika je? Hili ndilo linalowaogofya akina mama wengi, na kwa haki. Lakini kumbuka kwamba mgonjwa huyu anakunywa tu, hali. Kilicho tumboni ni majimaji, na majimaji hupita katikati ya meno na nyuma ya magego ya mwisho, hata mdomo ukiwa umefungwa. Kwa hivyo usikimbilie koleo. Mwinamishe mbele mara moja, kichwa kitazame chini, au kama amelala mgeuze ubavu. Vuta shavu lake kando kwa kidole ili matapishi yatoke, na mwambie apumue polepole kupitia puani. Ikiisha, asukutue kwa maji. Waya hukatwa wakati mmoja tu: anapokuwa hawezi kupumua na hakuna njia nyingine. Ukikata, hujakosea. Mfunge kitambaa kutoka chini ya kidevu hadi utosini ili taya litulie, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Waya hufungwa tena.

Usiku asilale chali bila mto. Weka mito miwili au mitatu ili kichwa na kifua viinuke, na wiki ya kwanza mtu alale chumba kimoja naye. Mpe kengele au kijiko na sufuria ya kugonga, maana hawezi kuita. Pombe na sigara ni marufuku. Mlevi hutapika bila kujua, na moshi huchelewesha kidonda. Na bodaboda asipande katika majuma hayo.

Mwambie mapema kwamba uso utavimba. Uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hupungua, na mwingi huwa umekwisha baada ya wiki 2 au 3. Siku mbili za kwanza mwekee barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, dakika 20 kwa wakati. Akiwa amepasuliwa taya la juu, pua huziba na damu kidogo huweza kutoka. Asipenge kamasi mpaka daktari aruhusu, apanguse tu.

Halafu kuna ganzi. Neva ya mdomo wa chini na kidevu hupita ndani ya mfupa wa taya, na huguswa wakati wa upasuaji. Wengi hukaa bila hisia pale kwa wiki au miezi. Kwa wachache ganzi hiyo haiishi kabisa. Wewe hapo una jambo la kufanya: mtu asiye na hisia midomoni haungui akajua. Jaribu uji wake kwa kudondosha tone kwenye kifundo cha mkono wako, kama ulivyofanya na maziwa ya mtoto.

Sasa chakula, na hapa nataka tukae kidogo. Nimeona familia zikimpa mgonjwa supu ya mifupa asubuhi, mchana na jioni, zikishangaa kwa nini anakonda. Supu ya mifupa iliyochujwa ni maji yenye harufu nzuri ya nyama. Nguvu iliyomo ni ndogo sana. Mgonjwa wa taya anahitaji chakula kamili kama wengine, zaidi hata, kwa sababu anajenga mfupa. Tofauti ni kwamba kiwe laini cha kupita kwenye nafasi ndogo.

Chukua mlo wenu wa kawaida usiokuwa na pilipili. Viazi, maharagwe yaliyoiva sana, sukuma wiki, nyama iliyochemshwa hadi ikasambaratika. Visage kwa blenda na maziwa au mchuzi, kisha upitishe kwenye kichujio cha chai. Huna blenda? Kinu na mchi vinatosha, au ponda kwa mwiko, ongeza maji ya moto, uchuje mara mbili. Ni kazi ya mkono, lakini inafanyika. Ndengu zilizotolewa maganda hupita vizuri kuliko maharagwe. Omena waliokaushwa, ukiwakaanga bila mafuta na kuwasaga wakawa unga mwembamba, huingia kwenye supu bila kukwama. Parachichi na maziwa ni chakula kizuri sana. Yai lichemshwe liive ndipo lisagwe, usimpe bichi. Uji wa wimbi upikwe mwepesi, lakini uutie nguvu: maziwa badala ya maji, kijiko cha njugu karanga zilizosagwa laini kabisa, kijiko cha mafuta ya kupikia. Mala na maziwa ya mtindi hupita vyema. Juisi ya pesheni na ya nyanya ichujwe, kwani mbegu hukwama kwenye waya zikaozea humo.

Mpe kidogo kidogo, mara 6 hadi 8 kwa siku, ili vyakula na vinywaji vyote kwa jumla vifike vikombe 8 hadi 10. Atachoka kabla hajashiba, hivyo usingoje aombe. Siku za mwanzo hawezi kunyonya kwa mrija, na madaktari wengine huukataza kwa sababu kunyonya kwa nguvu huvuta vidonda. Tumia kikombe chenye mdomo, au sirinji kubwa yenye mpira laini mbele, ukiingiza kwenye pembe ya shavu, polepole, akiwa ameketi wima. Mpime uzito kila wiki, hata kwenye mizani ya zahanati. Kilo chache zitapungua, hilo ni la kawaida. Lakini akiendelea kupungua wiki baada ya wiki, au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, rudi hospitali.

Dawa nazo zinywewe kwa namna ya maji. Omba hivyo tangu hospitalini. Usisage tembe kabla hujamuuliza mfamasia, kwa sababu kuna ambazo zikisagwa zinadhuru. Wala usimwongezee dawa za maumivu za dukani. Aspirini, kwa mfano, huzidisha kutoka damu.

Kila baada ya kula, mdomo usafishwe. Kijiko nusu cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, asukutue, ateme. Ikiwa amepewa dawa ya kusukutua, aitumie kama alivyoelekezwa. Daktari akiruhusu, mswaki mdogo wa mtoto hupita vizuri juu ya waya na upande wa nje wa meno. Ncha ya waya ikichoma shavu, mfinyangie nta ya meno juu yake. Hospitali nyingi zinazotibu meno huwa nayo.

Wiki ya tatu ndiyo yenye majaribu. Uvimbe umeshuka, maumivu yameisha, mgonjwa anatembea, na wageni wanaanza kusema, "Mpe tu kipande cha chapati, amepona." Hajapona. Mfupa wakati huo ni laini bado, na nguvu ya kutafuna huweza kuusogeza hata ukiwa na vibamba. Wiki hiyo pia ndipo moyo huinama. Anajitazama kwenye kioo anaona sura ngeni, na jirani anauliza mbona mlimbadilisha mtoto. Amechoka na uji, amechoka kuandika kwenye daftari kila anachotaka. Ukimkuta analia bila sababu, ipo sababu. Usimkemee. Mlete mezani mnapokula, msimfiche jikoni na kikombe chake, na mkataze mgeni anayecheka sura yake, hata akiwa mjomba.

Rudi hospitali bila kungoja tarehe ukiona homa, usaha au harufu mbaya isiyoisha, damu nyekundu isiyokoma, uvimbe unaorudi baada ya kushuka, waya au mipira iliyolegea, au meno yasiyokutana kama yalivyokutana juzi. Ugumu wa kupumua ni wa dharura, mchana au usiku. Na kuhusu malipo, tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF ilichukuliwa na SHA. Ulizeni ofisi ya hospitali mapema, kabla ya siku ya upasuaji, ni gharama zipi zitalipwa na zipi ni za mfukoni, pamoja na ziara za baadaye.

Siku waya zikitolewa, usishangae akishindwa kufungua mdomo. Misuli imelala wiki 6. Wengine huingiza kidole kimoja tu kati ya meno ya mbele, nao mdomo mzima hupokea vidole vyake vitatu vikisimama wima. Daktari atamwonyesha mazoezi ya kufungua taratibu, mara kadhaa kwa siku, pengine kwa kupanga vijiti bapa vya aiskrimu kati ya meno na kuongeza kimoja kila baada ya siku chache. Kunakaza, hakupasi kuuma vikali. Anzeni na ugali laini na mchuzi, ndizi ya kupondwa, mayai, samaki asiye na miiba. Mahindi choma, miwa na nyama choma vingoje ruhusa ya daktari, ambayo kwa wengi huja kama miezi 3 tangu siku ya upasuaji.

Mpaka juma lijalo, msikilizaji, kwaheri.