Kifafa, Dawa na Fikra: Kutenganisha Athari Tatu Zinazodhaniwa Kuwa Moja

Sehemu hii inafafanua utambuzi na tiba ya kifafa, pamoja na athari zake katika fikra na mwenendo, kwa kurejelea Mahenge, mkoani Morogoro. Huko ndiko Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alikoanzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960, baada ya kukuta wagonjwa wakiishi kwa kutengwa. Imani kwamba povu la mgonjwa huambukiza iliwafanya watu waogope kumgusa, hata alipoangukia motoni.

Kwa kawaida, kifafa huthibitishwa mtu anapopata walau mitukutiko miwili iliyopishana kwa zaidi ya saa 24, isiyosababishwa na jambo la muda kama vile homa au kushuka kwa sukari mwilini. Kipimo cha umeme wa ubongo husaidia, lakini majibu ya kawaida hayathibitishi kwamba ugonjwa haupo. Hivyo, masimulizi ya aliyeshuhudia tukio ni ushahidi wa msingi, kwa kuwa aghalabu mgonjwa mwenyewe hakumbuki.

Mtoto mwenye kifafa anapoitwa “mzito” darasani, yapo mambo matatu ya kuchunguzwa. Kwanza, ugonjwa wenyewe: baadhi ya mitukutiko haimwangushi mtoto, bali humpotezea fahamu kwa sekunde chache, naye hukosa sehemu ya somo. Pili, dawa: fenobabitoni ni ya bei nafuu na humezwa mara moja kwa siku, lakini huweza kuleta usingizi na kupunguza kasi ya kufikiri, kwa baadhi ya watoto huleta utukutu na hasira. Tatu, kutengwa, ambako huzaa huzuni, hofu na ukimya.

Utenganishaji huu una uzito wa kitabibu. Mzazi anayeona mwanawe anasinzia huweza kuisitisha dawa ghafla, ilhali kufanya hivyo huweza kuchochea mitukutiko mfululizo inayohatarisha uhai. Njia salama ni kumrudisha kliniki ili dozi irekebishwe au dawa ibadilishwe hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila mitukutiko wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo.

Kwa hiyo, tiba isipimwe kwa kuhesabu mitukutiko pekee. Mgonjwa aulizwe pia anavyosoma, anavyolala na anavyopokelewa na wenzake.